Uyoga wa Kufungulia Mfungo

Kwa desturi ya watu wa kwao, mzazi huacha jina lake siku anapopata mtoto wa kwanza. Ndiyo maana pale kijijini kwao, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, hapakuwa na mtu aliyemwita Constantin. Aliitwa Papa Divine, na mkewe Madeleine aliitwa Mama Divine: asubuhi kwenye bomba la maji, mchana kwenye foleni ya posho, jioni kanisani. Divine mwenyewe hakuna aliyemwona tangu mwaka 1996.

Alikuwa binti wa miaka sita. Siku watu wa Uvira, mashariki ya Kongo, walipokimbilia Burundi, alikuwa ameshikwa mkono na shangazi yake Annonciata. Risasi zililia karibu na kivuko cha Ruzizi na umati ukatawanyika. Baadaye mwili wa Annonciata ulipatikana kando ya mto. Mtoto hakupatikana, akiwa hai wala maiti. Wazazi walimtafuta Burundi, wakamtafuta Tanzania, ambako Madeleine alimzaa Grâce, na mwishowe wakafika Uganda wakiwa watu watatu. Matanga ya Divine hayakuwekwa. Madeleine alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajaambiwa kwamba amekufa. Constantin hakumlazimisha, kwa kuwa naye hakujua.

Kufikia mwaka 2012 walikuwa na jambo jingine la kuogopa. Grâce alikuwa na miaka kumi na mitatu na moyo wake ulikuwa umeharibika. Daktari wa Mbarara alieleza kwamba mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa, kwa hiyo damu inarudi ilikotoka. Vidonge vingemsaidia kwa muda. Kupona kulitaka upasuaji, na upasuaji huo wao hawakuwa na njia ya kuupata. Usiku mtoto alilala ameketi, ameegemea gunia la maharage. Miguu yake ilivimba hata viatu vikamkataa. Hata hivyo alikuwa mtoto wa mzaha. Alisema moyo wake ni mkimbizi kama wao, haujui kama unakwenda au unarudi.

Ni kwa ajili ya moyo huo Kanada ilikubali kuwapokea. Baba, mama na mtoto, kesi moja. Mmoja akijitoa, kesi inarudi mwanzo, na Grâce hakuwa na muda wa kurudi mwanzo. Walikuwa wamekwisha kupimwa na kufundishwa namna ya kukaa ndani ya ndege. Kilichobaki ni tarehe, nayo ilitarajiwa mwezi wa kumi na moja.

Kanisa lao lilikuwa dogo, la udongo na mabati, na watu wake wengi walitoka Kivu ya Kusini. Lilikuwa na kawaida moja ambayo makanisa mengine ya pale hayakuwa nayo. Mtu akisema ameonyeshwa jambo, anasimama mbele ya wazee na kulieleza. Wazee wanalisikiliza na kulifungia moyoni. Hawalitangazi mpaka mtu wa pili, ambaye hajasikia neno lolote, aje na maono yale yale. Asipokuja wa pili, jambo linaachwa. Mkubwa wa kazi hiyo ya kupima alikuwa Constantin. Alikuwa amewarudisha nyumbani watu wengi sana na ndoto zao, kwa upole lakini bila kuyumba, na yeye mwenyewe hakuwahi kuonyeshwa kitu maishani mwake. Vijana walitania kwamba Malaika Gabrieli akimtokea Papa Divine, ataulizwa mwenzake yuko wapi.

Mwezi wa kumi kanisa lilifunga kula na kunywa kwa ajili ya safari ya Grâce. Mfungo ulimalizika Jumapili mchana. Milimani juu ya Uvira, watu wa kwao walizoea kufungua mfungo mrefu kwa mchuzi wa uyoga, kwa sababu ni chakula laini kwa tumbo lililokaa tupu. Nakivale, nchi ya miiba na vumbi, ilikuwa imewazoeza kufungulia uji. Lakini mwaka ule mvua zilizidi, na Mama Pélagie, mpishi wa kanisa, aliukuta uyoga umejaa pale ng'ombe wa wenyeji wanapolala, wenye mashina membamba na kofia za rangi ya asali. Kule milimani pia uyoga ulifuata njia za ng'ombe, basi hakuona sababu ya kuuogopa. Aliona tu kwamba ukivunja shina linageuka buluu, akadhani ni maji ya nchi hii. Alirudi na beseni limejaa, anaimba. Watu waliposikia harufu ya mchuzi ule, wazee kadhaa walitokwa na machozi kabla hata ya kuonja.

Madeleine hakuwapo. Alibaki nyumbani na Grâce, ambaye kwa ugonjwa wake hakuruhusiwa kufunga. Constantin, kwa kuwa maombi yalikuwa ya mtoto wake, aliletewa bakuli kubwa.

Haukupita muda mrefu, wakiwa bado katika nyimbo za shukrani, aliona ukuta wa udongo unapumua. Ulipanda na kushuka taratibu kama ubavu wa ng'ombe aliyelala. Hakuogopa. Mabati juu yake yalianza kutoa sauti ambayo alijua ndiyo sauti iliyokuwa chini ya nyimbo zote alizowahi kuimba. Nyuso za watu ziling'aa, na katika kila uso aliona mtoto ambaye mtu huyo alikuwa zamani. Kisha ukuta ulifunguka na pakawa na maji, na kando ya maji Divine alikuwa amechuchumaa anaosha sufuria. Aliinua uso akamtazama baba yake bila mshangao, kama mtoto anayeona mzazi amerudi kutoka shambani, akamwambia maneno mawili. Constantin alihisi upendo mwingi hata akashika kifua kwa mikono yote miwili, maana aliona hakitautosha. Alilia mpaka jua lilipoinama.

Hakuwa peke yake. Shemasi Elisée alitambaa sakafuni anapapasa udongo na kusema kila chembe ina jina. Pélagie aliwaita waliokufa mmoja mmoja. Mchungaji Nestor, mtu mzito wa maneno, alilala kifudifudi na kusema samahani, samahani, bila kukoma.

Jioni Constantin alisimama mbele ya wazee.

"Nimemuona Divine," alisema. "Iko muzima. Anaosha sufuria kando ya mayi. Ameniambia: Papa, munisubiri."

Mchungaji aliuliza kama, kwa kawaida yao, wasubiri mtu wa pili. Wazee walitazamana. Mmoja wao akasema, "Papa Divine ndiye anapimaka bengine. Yeye tutamupima na nani?" Basi hawakumpima. Walipiga vigelegele, na habari ikafika kwa Madeleine kabla mumewe hajafika.

Alimkuta ameketi chini, sanduku la safari liko mbele yake, wazi. Alikuwa anatoa nguo zake moja moja. Sweta nene aliyokuwa ameinunua soko la Kaberebere kwa ajili ya baridi ya Kanada alikwisha kuitundika ukutani.

"Siendi," alisema. "Mutoto amesema tumungoje. Miye siendi fasi mutoto wangu hatanikuta."

Mwanzoni Constantin aliona ni furaha itakayopoa. Haikupoa. Kila siku Madeleine alikwenda barabarani, mahali magari yanaposhusha wakimbizi wapya, na kutazama wasichana wanaoshuka. Alirudi hana huzuni. Alisema hajafika tu. Ofisi ilipotuma mtu kuwaambia wajiandae, tarehe iko karibu, alimpa mgeni kiti na chai na kumwambia kwamba nyumba yao bado haijatimia.

Wiki iliyofuata Constantin alimpeleka Grâce Mbarara kwenye kliniki ya moyo. Muuguzi pale aliitwa Kampire. Alikuwa binti wa askari, amekulia kambi ya jeshi ya Makenke, ambako lugha ni Kiswahili, kwa hiyo wagonjwa wote wa kutoka Nakivale waliletwa kwake kwa sababu ya Kiswahili. Akimfunga Grâce kipimo cha mkono, aliuliza habari za nyumbani, na Constantin, ambaye hakuwa na mtu wa kumwambia, alimwambia kuhusu Jumapili ile. Alipofika kwenye beseni la Pélagie, Kampire aliacha kupima.

"Mzee, nyinyi nalikula ile butiko, ile uyoga ya kwa mavi ya ng'ombe? Hiyo nazungusha kichwa. Hapa nilipata mtu yenu moja, yeye nasema ni ndege, yeye nataka kupanda juu ya nyumba."

Constantin aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mtu mwingine, kama vile vitu ambavyo mtu anaviona vinaweza kuwa vya kweli. Kampire hakucheka. Alikwenda kwa daktari, akazungumza naye mlangoni, akarudi.

"Daktari nasema ni kichwa tu, inajitengenezea. Lakini yeye nasema kama mzee nauliza mambo ya Mungu, hiyo si swali ya hospitali." Kisha akamgeuzia uso, mbali na Grâce, akasema taratibu kwamba miguu ya mtoto haimpendezi daktari, na kama kuna safari, iwe haraka.

Walikaa nje kwenye benchi kusubiri vidonge. Grâce alikula ndizi, akipumzika kati ya tonge na tonge kana kwamba kula ni kupanda mlima. Constantin alimtazama na kuhesabu moyoni kile alichokuwa amefanya. Kwa miaka yote alikuwa amewakataza watu kujenga nyumba juu ya neno la mtu mmoja. Sasa mkewe alikuwa amejenga juu ya neno lake, na mtoto huyu ndiye aliyekuwa chini ya ukuta.

Waliporudi aliwazungukia watu wa Jumapili ile kama alivyowazungukia wengine zamani. Wote walioonyeshwa walikuwa wamekunywa mchuzi. Wachache waliokosa mchuzi na kunywa uji hawakuona kitu, ingawa walifunga siku zile zile na kuomba kwa machozi yale yale. Kisha akaenda kwa Mchungaji Nestor na kumweleza. Alimwomba jambo moja tu: aje amwambie Madeleine, kwa sababu neno la mchungaji lingekuwa na uzito kuliko lake.

Mchungaji alimsikiliza mpaka mwisho.

"Papa Divine," alisema, "unataka nisimame mbele ya watu niseme Roho Mutakatifu alikuwa sahani ya mboga?"

Constantin alijibu kwamba hataki watu. Anataka mtu mmoja aambiwe, ili mtoto mmoja aishi.

Ndipo Nestor alipomweleza kilichomlaza kifudifudi. Ndugu zake wawili waliuawa na watu wa kijiji jirani, anaowajua kwa majina. Alikuwa akihubiri msamaha kila Jumapili, na kila usiku alikuwa akiwaua watu wale kitandani mwake. Siku ya mchuzi waliletwa mbele yake, akawaona kama watoto wachanga, akawasamehe. Tangu hapo analala. "Kama ni uyoga," alisema, "basi uyoga ulinipa kile niliomba miaka yote na sikupewa. Nitaukana namna gani? Nikisema maono yako ni bongo, ni uongo tu, na yangu nitasema ni nini?"

Constantin alimjua Nestor, na aliona kwamba uso wake umebadilika kweli; hata sauti yake ya mimbarini ilikuwa imeshuka. Chungu kimoja kilimpa mwanaume huyu amani, na kilimnyang'anya yeye mtoto. Aliondoka bila kuombewa.

Basi alimwambia Madeleine yeye mwenyewe. Alimweleza mambo ya uyoga, ya ng'ombe, ya Kampire na daktari, ya waliokunywa uji. Grâce alikuwa nyuma ya pazia, ameegemea gunia lake. Madeleine aliendelea kuchagua maharage.

"Mungu alisemesha punda wa Balaamu," alisema. "Alituma kunguru wamulishe nabii. Yesu alipaka kipofu matope na mate. Leo uyoga utamushinda?"

"Balaamu hakumula punda," alisema Constantin.

Nyuma ya pazia Grâce alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kukoma. Wote wawili walikimbia. Walimshika mabegani, huyu huku na huyu huku, mpaka pumzi ikamrudia na midomo ikaacha kuwa ya kijivu. Juu ya kichwa cha mtoto Constantin alimwambia mkewe, kwa kunong'ona, kwamba wakibaki huyu atakufa.

"Unanichagulisha watoto," alisema Madeleine.

"Nakuomba umuchague yule tuko naye."

"Ulimuona kwa macho yako. Alikuambia umungoje. Kama ningekuwa miye nimemuona, na weye hapana, ungepanda ndege?"

Alijua jibu. Hata sasa, akijua yote aliyoyajua, kila alipofumba macho alimwona Divine akiinua uso kutoka kwenye sufuria, na upendo ule ulirudi, na kamwe haukuwa na sura ya uongo. Hilo ndilo lililomtesa. Angekuwa na hakika kwamba alidanganywa, angepiga kelele mpaka asikike. Alikuwa anamwomba mkewe akatae kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa bado anakishika kwa mikono miwili.

Ofisi ilileta tarehe ya safari. Madeleine alimwambia mumewe amwage wino wote anaotaka kwenye karatasi zao, yeye hataweka kidole. Siku ile Constantin alikumbuka kawaida aliyoilinda miaka yote, akaitupa mezani kama mtu anayetupa kitu cha mwisho alicho nacho.

"Maono yangu hayakupimwa," alimwambia. "Hayana wa pili. Kanisani kwetu neno bila wa pili linaachwa."

"Wa pili ni miye," alisema Madeleine. "Lete huo uyoga."

Constantin hakuwa amekusudia hivyo. Alipinga. Alisema wa pili ni mtu ambaye hajasikia, alisema uyoga unaweza kumdhuru, alisema ni dhambi. Madeleine alimuuliza tangu lini ikawa dhambi, maana alipoula yeye walipiga vigelegele. Akasema akila na asimwone Divine, atapanda ndege. Akimwona, asisikie tena neno Kanada ndani ya nyumba ile.

Asubuhi iliyofuata walimpeleka Grâce kwa Pélagie, na Constantin akaenda kwenye mazizi ya wenyeji. Mfugaji mmoja aliyemwona ameinama juu ya mavi ya ng'ombe alimuuliza kama wakimbizi wamekosa posho kiasi hicho. Constantin alisema ndiyo, wamekosa. Alichuma kidogo, chini ya kile alichokula yeye. Vidole vyake vilibaki na rangi ya buluu.

Madeleine alikula kwa chumvi, mchana kweupe, amekaa juu ya mkeka, mlango umefungwa. Constantin aliketi karibu yake akiwa na maji. Aliomba mambo mawili yanayopingana na hakuweza kuacha hata moja: mkewe asione kitu, na mkewe amwone Divine.

Madeleine alitapika kwanza. Kisha alitazama nuru iliyopita kwenye tundu za mabati, akaicheka kidogo. Aligusa ukuta kwa kiganja. Alisema "kumbe" mara nyingi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesikia habari za ukoo wake. Kisha uso wake ulifunguka wote. Constantin alikuwa ameishi naye tangu ujana na hakuwahi kumwona na uso ule, hata siku ya arusi. Madeleine aliinua mikono na kuizungusha hewani, akishika kitu chenye kimo cha kiuno chake, akakikumbatia kifuani, akayumba nacho huku na huku. Constantin alijua kile ni kimo cha nani. Aliinamisha kichwa. Moyoni alimwona Grâce amekufa, akauona udongo mwekundu wa makaburi ya Nakivale, na hakuwa na nguvu hata ya kulia.

Jua lilipogeuka mlangoni, mikono ya Madeleine ilishuka. Alikunywa maji. Alitazama viganja vyake.

"Nimemuona," alisema.

Constantin alimwongezea maji.

"Iko na lile pengo lake la mbele. Jino lilikuwa limetoka wiki ileile, unakumbuka? Ulimudanganya alitupe juu ya nyumba ili lingine liote." Aligusa meno yake ya mbele. "Papa Divine, lile jino halijaota."

Constantin bado hakuelewa.

"Miaka yote hii, na jino halijaota. Weye siku ile ulimuona mukubwa ama mudogo?"

Constantin aliirudia siku ile. Aliona maji, sufuria, uso ulioinuka. Aliona mikono midogo iliyozama ndani ya sufuria hadi viwiko. Hakuna mzee aliyemuuliza, naye hakuwa amejiuliza. "Mudogo," alisema.

"Nilimubeba. Ni uzito uleule." Madeleine alikunja mikono kifuani. "Muzima anakomaa. Ingekuwa iko hai ningeona mwanamuke. Amekufa, Constantin. Amekufa siku ileile, na miye ninatazamaka wasichana barabarani."

Alimwita kwa jina lake, jina ambalo hakuwa amelitumia tangu Divine azaliwe. Kisha alianguka kwenye mkeka na kutoa kilio kilichowaleta majirani hadi mlangoni, kilio cha matanga ambacho kilikuwa kimemngoja tangu Ruzizi.

Constantin alikuwa amefungua mdomo. Alikuwa na maneno tayari, na yalikuwa maneno ya kweli. Kichwa kinajitengenezea kwa kile kilicho nacho, na wao hawakuwa na uso mwingine wa Divine ila ule wenye pengo. Angekuwa hai anauza nyanya Bujumbura, bado wangemwona ana miaka sita. Uyoga haukujua kwamba yuko hai, wala haukujua kwamba amekufa. Ushahidi uliokataliwa jana hauwezi kukubaliwa leo kwa sababu umesema tunachotaka. Mpimaji wa maono alipaswa kusema hivyo, na alikuwa ametumia majuma akitafuta mtu wa kumsikia akisema hivyo.

Wakati huohuo Pélagie, aliyesikia kilio, alikuwa anamleta Grâce. Kupitia mlango uliofunguliwa na majirani Constantin alimwona mtoto amesimama njiani, mkono mmoja juu ya bega la Pélagie, anangoja pumzi ili aweze kuvuka sehemu iliyobaki. Alifunga mdomo. Alikwenda akambeba, akamweka kando ya mama yake.

Kesho yake alirudi peke yake mazizini. Hakujua alifuata nini mpaka alipouona uyoga mmoja uliobaki na kuuchuma. Alitaka kumuuliza mwenyewe: Divine, uko wapi, nimwambie mama yako nini. Alikaa nao mkononi mpaka shina likageuka buluu. Alijua kwamba angekuja. Angekuja na pengo lake na sufuria yake, na angemwambia lolote ambalo baba yake alitaka au aliogopa kuambiwa, na angempenda kwa upendo ule usio na mwisho. Hangemwambia aliko. Aliuweka juu ya jiwe, hakuula wala hakuuponda, akaondoka.

Matanga yaliwekwa Jumamosi. Kwa desturi, vitu vya marehemu hugawiwa watoto wa rika lake, lakini hapakuwa na kitu, basi Madeleine aligawa unga. Walinyolewa wote watatu. Grâce alipapasa kipara chake akasema Kanada watadhani wametumiwa maboga. Hakuna aliyecheka isipokuwa mama yake, ambaye alicheka na kulia pamoja. Kisha baba alitakiwa kusimama na kutamka, mbele ya kanisa lote, kwamba mtoto wake amekufa na kilio kimekwisha. Constantin alisimama. Mchungaji Nestor alimtazama, na Constantin akaona kwamba anajua neno hilo lilitoka wapi. Walitazamana kama watu wawili waliobeba mzigo mmoja kutoka pande mbili. Alitamka. Sauti yake haikutetemeka, na kwa hilo hakujipenda. Mchungaji akatangaza kwamba tangu siku ile wazazi hawa wataitwa Papa Grâce na Mama Grâce, na watu wakaitikia.

Basi la kuwapeleka Kampala liliondoka Nakivale asubuhi. Madeleine alivaa sweta yake ya Kaberebere ingawa jua lilikuwa kali. Mbarara walisimama kujaza mafuta, na wauza maji na sambusa wakalizunguka basi. Grâce alikuwa amelala, kichwa kwenye paja la baba yake, akihema kama mtu anayepanda ngazi, lakini akihema. Constantin aliweka mkono juu ya kile kipara. Huyu, alijiambia. Huyu tuko naye.

Nyuma yao, katika kelele za kituo, sauti ya mwanamke kijana iliita.

"Papa Divine!"

Katika nchi ile, kati ya Wakongo wote waliojaa Mbarara, akina Papa Divine walikuwa wengi, alilijua hilo. Hata hivyo mwili wake ulikuwa umekwisha kuinuka nusu, na kichwa cha Grâce kikateleza. Mkono wa Madeleine ulimshika mkono wa shati na kumkalisha.

"Usigeuke," alisema. "Hilo si jina lako tena."

Sauti iliita tena, karibu zaidi au mbali zaidi, hakuweza kujua. Constantin alikaa. Alitazama mbele, kiti cha dereva, barabara ya Kampala, mikono yake mwenyewe. Basi lilipoanza kusogea aliinua macho kwenye kioo cha dereva, na ndani yake aliwaona abiria wote wametazama mbele, ila mmoja. Mkewe alikuwa amepiga magoti juu ya kiti, amegeukia dirisha la nyuma, na midomo yake ilikuwa inaita jina la Divine.